Jasho si mafuta

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa afya mmemshauri anayetaka kupunguza kilo aendeshe baiskeli asubuhi bila kula, tena avae koti la mvua atoke jasho jingi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Kamalondo hapa Lubumbashi. Pamoja na wenzangu ninajiandaa kwenda Kolwezi kwa baiskeli, kilomita zipatazo 300, tukilala Likasi. Naandika kupinga, kwa kuwa kijana mmoja wa kikundi chetu ameufuata ushauri wenu.

Siku ya mazoezi ya kwenda Likasi alitoka kwake tumbo tupu, plastiki imefungwa hadi shingoni. Tulipokaribia Likasi alianza kutetemeka, usukani ukamcheza, akajikuta katikati ya barabara huku lori la shaba likimpigia honi kwa nyuma. Tulimketisha kivulini, tukampa soda na ndizi, akapata nguvu ya kutania. Jioni alipanda mizani, akashangilia: kilo tatu zimekwenda!

Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Hadi Likasi ni kama kilomita 120, na kwa mwendo wetu wa wazee kijana yule hakutumia zaidi ya 3,500 hivi. Hata zingetoka zote kwenye mafuta, na hazitoki zote huko, haifiki nusu kilo. Kilichobaki karibu chote ni maji. Mengine ni ya jasho, mengine hukaa na akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini: ni gramu 400 au 500 tu, na kila gramu hushika kama gramu tatu za maji. Akinywa maji na kula bukari, yaani ugali, vizuri, kilo zinarudi. Na akiba hiyo ikiisha njiani, ndipo miguu inapokataa.

Kwa hiyo barabarani mtu ale: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani kama ndizi mbili, au viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi. Karanga zingoje jioni, maana mafuta huchelewa tumboni.

Pa kupunguza ni nyumbani. Chupa kubwa ya bia ya Simba ina kalori karibu 300, kijiko kikubwa cha mawese 120. Anayepunguza 500 kila siku hupoteza karibu nusu kilo kwa juma, bila kuanguka mbele ya lori. Maharagwe na dagaa asivipunguze, la sivyo misuli nayo itaondoka. Mimi nimeacha sombe, mboga ya majani ya muhogo, inayoogelea mafuta, na mkanda wangu umeongezwa matundu. Taabu iko kwa majirani: “Baba, uko mugonjwa?” Mke wangu ndiye anayeulizwa kama nyumbani kuna unga.

Wale wanaosukuma magunia ya makaa kuja mjini kwa baiskeli hawana kitambi, lakini waulizeni kama kuna anayeondoka alfajiri bila kula.

Tunataka kuondoka kabla mvua hazijaanza. Naomba sahihisho litoke mapema, maana kijana yule hasikii la mwalimu. Husikia la gazeti.

Mwalimu mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi