Rangi na Sindano Meza Moja: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wenzangu,

Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kufika, hasa mama zetu mliotoka mbali na mizigo ya kuonyesha. Hesabu za mwaka atazisoma Mhasibu baada yangu na karatasi zake mnazo mkononi, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe ya kuchora vitambaa na kushona mifarishi, mikoba na foronya: tunavyoitengeneza, inavyotukwamisha na tunavyoiuza.

Jambo kubwa la mwaka huu ni kwamba tuliacha kuwa vyama viwili ndani ya chama kimoja. Wachoraji walikuwa na meza yao, washonaji wana cherehani zao. Mchoraji akimaliza kitambaa anakianika, kikikauka anakipeleka kwa mshonaji bila kuambiana neno. Matokeo yake tuliyaona wote: samaki aliyechorwa kwa saa nyingi anapotea kichwa kwa sababu mshono wa mkoba umepita palepale. Kamati ikaamua kila kazi ianze na watu wawili mezani kabla brashi haijachovywa. Mshonaji anapiga mstari wa penseli mahali mshono utakapopita, akiacha robo inchi ya kushonea kila upande. Mchoraji naye anajua uwanja wake unaishia wapi. Rangi ya nyuma ya picha inavuka mstari kidogo ili pindo lisitoe weupe, lakini jicho la ndege, uso wa mtu au mlingoti wa jahazi vinakaa ndani, mbali na ukingo. Uamuzi huo mdogo umebadilisha kazi zetu kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Kuhusu vitambaa, naomba wanachama wapya wasikilize kwa makini. Merikani mpya, kile kitambaa cheupe cha pamba tunachochorea, huja na wanga wa kiwandani. Ukipaka rangi juu ya wanga huo, rangi inakaa juujuu na inaondoka nao siku ya kwanza ya kufuliwa. Chemsha kitambaa na sabuni, suuza, anika, piga pasi, ndipo ukate. Pamba hurudi ikilowa, na mfarishi, lile tandiko la kitanda lililojazwa pamba, ulioungwa kwa kipande kilichofuliwa na kipande kisichofuliwa utakunjamana nyumbani kwa mteja, wakati wewe haupo kuueleza.

Vipande vya kitenge tunavyookota kwa mafundi wa nguo ni baraka, ila si vyote ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Cha poliesta kiwekwe kando, maana hakitavumilia pasi tunayohitaji kukaushia rangi. Kanga na vitenge vyekundu na vyeusi vijaribiwe kwa kuvisugua na kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoa rangi, kifuliwe peke yake mpaka kiache. Vinginevyo kitachafua merikani yote iliyo jirani yake.

Vijana wetu kadhaa walijifunza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kupaka rangi za mafuta kwenye ubao. Mkono wao ni mzuri sana, na ndege wao ndio wanaouliziwa kwanza kila tunapotandaza bidhaa. Lakini rangi ya mafuta si ya kitambaa. Mafuta yanatambaa na kuacha duara la manjano kuzunguka picha, rangi inakakamaa, na kitu kikikunjwa mara chache inapasuka. Kamati imepiga marufuku rangi hizo kwenye bidhaa ya kuuza. Tunatumia rangi za maji za kitambaa, tena kwa kupaka nyembamba mara mbili, si nene mara moja. Rangi nene huganda kwenye sindano, na tundu la sindano halizibiki ukifumua. Kwa hiyo sehemu iliyochorwa hushonwa mara moja tu bila kufumua, kwa sindano mpya yenye ncha kali, na hatua ya sindano ya kama milimita 3. Hatua fupi zaidi inaitoboa rangi mfululizo na mwisho kitambaa kinachanika kwenye mstari huo.

Wale wasioshika brashi wasijione wako nje. Mihuri iliyochongwa kwenye soli za kandambili kuukuu imetoa maua na nyota safi kabisa, na kitambaa cha meza chenye mihuri hiyo kinapendeza sawa na kilichochorwa.

Utaratibu ni huu, na naomba usibadilishwe: chora, acha kikauke siku nzima, piga pasi kavu isiyo na mvuke upande wa nyuma kwa dakika 3 hadi 5 ukiitembeza, kisha ndipo ukate, uunge na ujaze. Wapo waliokuwa wanashona kwanza na kuchora mwisho. Hapo brashi inajikwaa kwenye mishono, rangi inadimbwika mabondeni, na pasi ikipita juu ya pamba ya kujazia ya poliesta iliyoko ndani inaibana na kuiyeyusha. Mfarishi unabaki bapa, na hakuna dawa yake.

Mfarishi wetu una tabaka tatu: uso uliochorwa au kuungwa viraka, pamba ya kujazia katikati, na bitana chini. Mishono inayopita zote tatu ndiyo inayozishika zisihame. Zamani tuliipiga kwa mistari iliyonyooka hata ikikatiza uso wa mtu. Mwaka huu tumejifunza kuifuata picha. Mkitoka hapa mkautazame ule wenye jahazi uliotundikwa ukutani. Mshonaji amezungusha mshono ukingoni mwa tanga tu, ndani hakugusa, na pamba imelisukuma tanga likavimba kana kwamba limepata kaskazi. Chini yake amepiga mistari ya mawimbi iliyosongamana, pamba ikalala, bahari ikatulia. Rangi haikuongezwa hata tone. Aliyechora na aliyeshona wote wako hapa, na kwa niaba yenu nawapa heshima yao.

Sasa bei. Hapa nitasema kwa uchungu, kwa sababu mama zetu wanajinyima. Tuseme vifaa vya foronya moja vimegharimu shilingi 6,000 na kazi imechukua saa 5. Ukiiuza 10,000, kila saa yako umeiuza shilingi 800, na bado hujahesabu nauli ya Kariakoo kufuata vifaa, mkaa wa pasi wala mafuta ya cherehani. Anayefanya hivyo anawaangusha na wenzake, kwa kuwa mteja akishapata ya 10,000 hatasikiliza tena bei nyingine. Ndiyo maana tumeanzisha kadi. Kila bidhaa ina kadi yake inayoandikwa vifaa, saa za mchoraji na saa za mshonaji, na fedha inagawanywa kwa saa hizo baada ya kutoa fungu la chama.

Najua mjadala uliokuwepo. Wachoraji walisema picha ndiyo inayouza, kwa hiyo fungu lao liwe kubwa. Washonaji walisema picha bila mshono ni kitambaa tu. Msimamo wangu ni kwamba saa ya mtu ni saa ya mtu. Tulipokuwa kwenye maonyesho ya Sabasaba niliwaona wateja wakiinua bidhaa, wanaitazama picha, halafu wanaigeuza kukagua bitana na mishono. Wengi waliamua wakiwa upande wa nyuma. Niliona pia wasafiri wanapenda vitu vinavyokunjika na kulala chini ya sanduku: vitambaa vya meza, foronya tupu, mikoba bapa. Mifarishi ya kitanda waliisifu na kuiacha kwa sababu ya uzito. Napendekeza mifarishi mikubwa tuishone kwa oda tu, na malipo ya awali yatoshe kununua vifaa vyote.

Mali kauli, yaani kutoa mzigo kwanza na kulipwa baadaye, imetuumiza. Duka moja lilichukua bidhaa zetu, likaziuza, na fedha zikatufikia kwa vipande na kwa kusumbuana. Kuanzia sasa hakuna mzigo unaoondoka bila karatasi iliyosainiwa pande zote mbili, yenye orodha, bei na tarehe ya kulipana.

Tulipata pia ombi la kushona mito mingi inayofanana, rangi moja, bila picha. Wengine waliliona kama neema. Mimi nilikumbusha kamati habari za akina mama wa kaunti ya Wilcox, Alabama, Marekani, ambao mwaka 1966 waliunda ushirika wa kuuza mifarishi yao, Freedom Quilting Bee. Mifarishi hiyo ilisifiwa mpaka New York. Baadaye mkate wao mwingi ulitoka kwenye foronya za kodroi walizoshonea maduka ya Sears, kazi ya kufanana. Iliwapa mshahara, na silidharau hilo hata kidogo, lakini si kazi iliyowapa jina. Tumekubali sehemu ya oda ile kwa mwezi wa ukame wa wateja, na tumekataa iliyobaki ili meza ya rangi isifungwe. Mkutano una haki ya kuuhoji uamuzi huo leo.

Kuhusu mtaji: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kamati inaomba idhini yenu tuombe mkopo wa cherehani peke yake. Vifaa vya kila siku tuvinunue kwa mauzo yetu.

Picha za watu wengine tusizinakili. Mtindo mtu anaweza kujifunza, lakini kuweka karatasi juu ya kazi ya msanii na kuifuatisha ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Nembo za timu za mpira nazo zina wenyewe.

Kila bidhaa itoke na lebo ya matunzo: ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, ianikwe kivulini, ipigwe pasi upande wa nyuma.

Baada ya Mhasibu kutakuwa na uchaguzi wa wajumbe wawili wa kamati, mmoja kutoka kila meza. Fomu ziko kwa Katibu.

Naomba kuwasilisha.