Mkataba uliowafungia Wamaasai mlango wa mahakama

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikataba miwili kati ya Waingereza na Wamaasai ambayo sisi walimu wa historia huitaja darasani kwa sentensi moja au mbili kisha tukaipita, ilhali ndiyo chimbuko la migogoro mingi ya ardhi inayotusumbua hadi leo katika Bonde la Ufa.

Wa kwanza ulitiwa saini Agosti 1904 baina ya Kamishna wa Uingereza, Donald Stewart, na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laiboni (kiongozi wa kiroho) Olonana. Wamaasai waliachia malisho yao ya Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate ardhi iliyo karibu na reli, nao wakatengewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli. Waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili ya kuyaunganisha maeneo hayo, pamoja na maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Tena iliandikwa kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hayakufikisha hata miaka 7. Aprili 1911, wiki chache baada ya kifo cha Olonana, mkataba wa pili uliwataka waliokuwa Laikipia wahamie kusini, na wengi waliswagwa pamoja na mifugo yao bila ridhaa.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Wamaasai hawakushika mikuki. Walitafuta wakili wakaenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo. Mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya Taji la Uingereza na taifa la kigeni, na kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Rufaa nayo ikatupwa. Miaka 2 baadaye, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ilitangaza kuwa hata ardhi waliyokalia Waafrika ni mali ya Taji. Yaani walipodai haki waliitwa taifa la kigeni, na ilipofika zamu ya kumiliki ardhi hawakuhesabiwa kuwa taifa hata kidogo.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya jamii nyingine iliyodai ardhi yake, Waogiek wa msitu wa Mau, kusikilizwa na kushinda katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha, Mei 2017. Juni 2022 mahakama hiyo iliiamuru serikali ya Kenya iwalipe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na kuwapa hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek zilifukuzwa tena msituni humo.

Ombi langu kwa wanaotayarisha mitaala ni kwamba maandishi kamili ya mikataba ya 1904 na 1911, pamoja na hukumu ya 1913, yatafsiriwe kwa Kiswahili na Kimaasai na kusomwa katika shule za sekondari. Wazee walioweka alama zao kwenye karatasi zile hawakuweza kuzisoma. Wajukuu wao wanaweza.

Mwalimu wa historia,
Narok