Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba ya Mwalimu, Magomeni

Ndugu wanachama,

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine habari za asubuhi.

Hesabu atazisoma Mhazini, mimi nitasema kuhusu kazi. Mwaka huu kamati imebishana sana juu ya swali moja: tunapowapeleka watoto Mtaa wa Ifunda, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, tunawaonyesha nani? Mwanasiasa wanamjua, wanamwona hata kwenye noti ya elfu moja. Mwenye chaki mkononi ndiye hawamjui.

Kwa hiyo tumebadilisha maelezo tunayotoa siku za Jumamosi. Zamani tulianza na kuzaliwa kwa TANU, chama chake cha kudai uhuru, Julai 1954. Sasa tunaanzia darasani: masomo ya ualimu Makerere, kazi katika shule ya St. Mary's Tabora kuanzia 1946, masomo Edinburgh, kisha somo la historia pale shule ya Pugu. Machi 1955, alipotakiwa achague siasa au kazi, aliacha kazi. Hapo watoto hawakosi kuuliza, "Sasa akala nini?" Ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa na watu wazima. Tunawajibu kwamba alirudi kwao Musoma, akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Aliacha ualimu akaangukia ualimu.

Tumeingiza pia habari za Mama Maria, ambaye tulikuwa tukimtaja kwa mstari mmoja tu. Alisomea ualimu Sumve na akafundisha Nyegina kabla ya ndoa yao ya Januari 1953. Nyumba ile ilikuwa ya walimu wawili. Kina mama wa chama hiki wamelisema hilo miaka mingi, na niwashukuru kwa kutochoka.

Sasa suala la ubao. Mtoto mmoja wa darasa la nne alizunguka vyumba vyote, akatoka akauliza ubao wa Mwalimu uko wapi. Baadhi yenu mkapendekeza tununue ubao wa zamani tuutundike ndani. Nilikataa na bado nakataa. Hatuna ushahidi kwamba ulikuwepo, na kitu kikishatundikwa katika makumbusho hakuna atakayekihoji tena. Badala yake, kwa ruhusa ya wasimamizi, tunakwenda na ubao wetu wa kubebeka na kuuweka nje. Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, huandika swali moja tu la historia, halafu anampa chaki mtoto aliye nyuma kabisa. Watoto wa mbele huwa hawapendi.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ukusanyaji wa daftari za kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya kujifunza kusoma na kuandika. Mwalimu aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wengi wetu hapa tulifundisha madarasa hayo jioni, chini ya miembe, kwa taa za chemli. Tuliomba familia zitafute daftari za wazee. Nyingi zilishafungiwa karanga zamani. Lakini bibi mmoja alituletea lake limefungwa kwenye kanga. Ukurasa wa kwanza ni jina lake, limeandikwa kwa penseli kutoka juu hadi chini, mistari yote. Herufi za juu zinaning'inia chini ya mstari kama zinateleza. Kufikia katikati zimeshasimama. Pembeni kuna vema moja ya wino mwekundu. Halikuwekwa jina la mwalimu aliyesahihisha, na ningetamani sana kumjua.

Daftari hizo kwa sasa ziko kabatini kwa Katibu, mbali na ukuta kwa sababu ya unyevu na mchwa. Tusiwape wasimamizi wa nyumba mpaka ziorodheshwe moja moja, pamoja na idhini ya kila familia.

Fulana za Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu, ziliuzika. Mimi sikuzipenda, ila sikusikilizwa.

Yapo mawili ya kuamua leo. Kwanza, zamu za Jumamosi: wanaozibeba ni walewale, na magoti yao nayajua. Tunahitaji vijana, hata wasio walimu. Pili, Katibu anamaliza muda wake na hagombei tena. Fomu ziko mezani karibu na mlango. Zijazwe kabla ya chai, kura zitapigwa baada yake. Atakayechaguliwa ajiandae kupokea na funguo za kabati.