Mheshimiwa Waziri, tuongezee saa tatu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi,

YAH: STAKABADHI YA SAA 24 KWA WAZAMIAJI

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi naongoza wageni wanaozamia katika mojawapo ya hifadhi zetu za bahari, Tanzania bara. Jina la lango silitaji, maana wanaokaa pale ni majirani zangu na sina nia ya kumchongea mtu.

Ada yenyewe ya kuingia hifadhini siigombi. Baruti za wavuvi haramu nimezisikia nikiwa chini ya maji: kifua kinagongwa kabla sikio halijajua kitu. Kama pesa ya mgeni inanunua mafuta ya boti ya doria, na ilipwe.

Shida yangu ni saa. Kibali, yaani ile stakabadhi ya ada, kinaanza kuhesabiwa pale unapolipa, na kinakufa saa 24 baadaye. Kwa mbuga ya wanyama hakuna neno. Ukiona muda unakwisha, kesho unawahi. Sisi tukiwahi tunakuta maji bado yanatoka, na mlango wa bahari, ile njia nyembamba maji yanamopita, hauzamiwi maji yakitoka, labda uwe unataka kuokotwa huko bahari kuu. Tunangoja yaanze kujaa. Na maji, kwa kuwa yanafuata mwezi, kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50.

Bamvua iliyopita, yaani siku za maji makuu, nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe. Siku ya kwanza tulilipa saa 4:40 asubuhi: dola 20 kila mmoja, na VAT ya asilimia 18 juu yake, yaani dola 23.60. Tukazama mara moja. Siku ya pili maji yalianza kuingia karibu saa 5, stakabadhi imeshakufa. Haya, tulipe tena. Mtandao ukakata. Namba ya malipo ilipokuja kutoka, nahodha alinionyesha kamba ya nanga imekaza kama waya. Mkondo ulishakuwa wa kumng'oa mtu barakoa usoni. Tukarudi na mitungi imejaa hewa. Yule mama akaniuliza pesa ile ya pili ilikuwa ya nini. Nilijifanya nafungua fundo.

Ninachoomba ni kidogo. Kanuni za ada zinatungwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ziseme kibali cha mzamiaji ni saa 27. Serikali haitapoteza siku nzima, na sisi tutapata kujaa kwa maji kwa siku ya pili. Pia turuhusiwe kulipa jioni ya kuamkia safari, mtandao ukiwapo, saa zianze kuhesabiwa chombo kinapong'oa nanga. Jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa mapema kila mwaka. Anayeandika kanuni awe nalo mezani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwongoza wazamiaji