YAH: SEVA YENU YA FAILI KUANGUKA SARAKA YA PAMOJA INAPOFUNGULIWA NA WENGI

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tiketi ya tatizo hili mnayo na imeandikwa daraja la kwanza, yaani la dharura kuliko yote. Maana ya daraja la kwanza mnaijua kuliko mimi, ninyi ndio mliotuuzia. Kwa hiyo sianzi mwanzo, naanza na Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi.

Seva yenu, inayokaa kwenye kompyuta yetu kubwa (mainframe) ya mfumo wa z/OS, ilikuwa chini. Mashine za Linux za kitengo cha mafao zimeganda zikiisubiri, wastaafu wamejaa kaunta, mkurugenzi wetu kaja mwenyewe chumba cha mitambo na kusimama nyuma ya kiti changu. Mtaalamu wenu yuko kwenye spika. Namweleza: mtu mmoja akifungua saraka, hakuna shida. Akinakili saraka nzima, hakuna shida. Wakiifungua kadhaa kwa pamoja huku kazi ya bechi (inayojiendesha yenyewe bila mtu) inafuta na kuandika faili humo humo, seva inakufa kwa kosa la 0C4. Akasikiliza, akacheka, akasema, "Sasa si muwaambie wafanyakazi wenu wafungue kwa zamu?"

Kwa zamu! Saraka ya pamoja ifunguliwe kama foleni ya maji bombani. Tulinunua ya nini basi?

Na hapo dampu, yaani nakala ya kumbukumbu ya seva ilipoanguka, mlikuwa nayo tangu mwanzoni mwa wiki. Mlisema imeharibika, tukatuma tena, mkasema imeharibika tena. Kijana wenu mmoja (namshukuru, na naomba asiguswe) ndiye aliyenipigia pembeni nikajua kilichokuwa kinaendelea: ilikuwa inapakuliwa kwenye laptopu kwa hali ya maandishi badala ya bainari. Dampu iliyofungashwa kwa AMATERSE, programu ya kubana faili, ukiipitisha kwenye ubadilishaji wa herufi kutoka EBCDIC ya mainframe kwenda ASCII ya kompyuta za kawaida, unabaki na takataka. Mtu wa z/OS hafundishwi hilo na mteja.

Mkatuambia tuongeze REGION, yaani kumbukumbu ambayo programu inaruhusiwa kutumia. Tukaongeza, ikaanguka vilevile. Kumbukumbu ikiisha, mtambo hulalamika kwa kosa la 878 au 80A. Sisi tuna 0C4, yaani programu imegusa eneo la kumbukumbu lisiloruhusiwa. Kwenye LPAR ya majaribio (sehemu ya mainframe iliyotengwa) tulisimamisha bechi, ofisi nzima ikafungua saraka bila kutetereka. Tukairudisha, seva haikumaliza saa. Kwa anayetaka kuona, hapo panaelekea kwenye kufuli: uzi mmoja (mkondo wa kazi ndani ya programu) unaachia eneo la kumbukumbu ambalo mwingine bado unalisoma. Kuthibitisha ni kazi yenu, msimbo ni wenu.

Nirudi kwenye ile simu, maana imenikaa kooni. Hakuishia kwenye "kwa zamu". Alipomaliza kucheka alimuuliza mkurugenzi wangu, wala si mimi: "Huyo mama anaelewa kweli dampu ni nini?" Mimi nipo, spika iko wazi, vijana ninaowaongoza wanasikia. Mkurugenzi akanitazama. Nikanyamaza kwa kulinda heshima ya ofisi. Upande wa pili kikasikika kicheko kingine, halafu mtu akaagiza chai, mbili za maziwa. Seva ya daraja la kwanza iko chini, ninyi mnaagiza chai.

Kwa heshima zote, tunaomba chanzo cha tatizo kwa maandishi, pamoja na kiraka. Tunaomba pia mtu anayeifungua dampu kwenye IPCS, zana ya kuchambua dampu, na kuisoma, tumechoka kupigwa danadana na wasoma maswali ya karatasini. Na mtuombe radhi, kwa barua, iende kwa mkurugenzi aliyesikia yote.

Na kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Ankara ya robo hii haitalipwa hadi kiraka kifike na tukijaribu kwa bechi ikiwa inakimbia. Ada ya muda wote seva ilipokuwa chini irudishwe. Yule mtaalamu asipokee tena simu yetu, hata ya salamu. Na mkifunga tiketi kama mlivyoifunga Jumatatu, eti "imetatuliwa" (nani kaitatua?), barua inayofuata itaandikwa na mwanasheria wetu, ikiwa na dampu zote pamoja na sauti ya simu ile. Simu za chumba chetu cha mitambo hurekodiwa.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Mifumo

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu
Kitengo cha Sheria
Kitengo cha Ununuzi