Nani atamwambia Baba asishike usukani?

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopokea ni za wachumba na wake wenza, kwa hiyo nivumilie nikikuletea habari za tairi na mafuta. Shida yenyewe ni ya nyumbani, safari ni mahali ilipojitokeza tu.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Miaka ya themanini, hasa wakati wa ule ukame wa 1984, alikuwa akibeba mahindi ya msaada kutoka Nairobi hadi Marsabit, Maikona na North Horr, na mara nyingine akateremka mpaka Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Siku hizo lami iliishia Isiolo. Kutoka hapo ilikuwa vumbi na mawe, na magari yalikwenda kwa msafara kwa kuogopa majambazi. Watoto wengine walilala kwa hadithi za sungura na fisi. Sisi tulilala kwa hadithi ya lori lililozama hadi ekseli katika jangwa la Chalbi, na wafugaji wa Kigabra walioleta kamba na ngamia kulitoa. Kama ngamia wanaweza kutoa lori kwenye tope, mimi sijui. Baba anasema waliweza, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kubisha.

Sasa ana miaka 74, na kwa muda mrefu ametaka jambo moja: awapeleke wajukuu wake wakalione ziwa lile, wakipitia Chalbi, yeye mwenyewe akiendesha. Mwaka huu, Shangazi, sote tuliitikia. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mipango imeniangukia: watu 11, magari mawili ya kukodi yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, likizo ya Agosti. Desemba tuliikataa mapema kwa sababu mvua za vuli huweza kugeuza Chalbi kuwa ziwa, nalo gari lililoko upande wa pili hubaki huko huko.

Njia nayo ilituletea maneno. Ndugu yangu mdogo alitaka tuiache lami pale Laisamis, tushike ile barabara ya changarawe ya kilomita 208 iliyotengenezwa upya ili kupitisha vipande vya mitambo 365 ya umeme wa upepo kule Sarima. Ni ndefu na inachosha, lakini huwezi kuipotea. Mke wangu aliposikia mtu akitaja njia ya Maralal na Baragoi alisimama kabisa, akatukumbusha polisi zaidi ya 40 waliouawa bonde la Suguta mwaka 2012. Hiyo ikafutwa hapo hapo. Mwishowe tukaafikiana: kwenda, tutapitia Marsabit, Maikona na Chalbi kama Baba anavyotaka, kurudi, tutapitia Sarima na Laisamis. Nikadhani kazi imekwisha.

Usiku wa siku ile ile Mama akanipigia simu kwa sauti ya chini, Baba akiwa amelala. Akaniambia, "Mwanangu, usimwachie baba yako gari." Kumbe jioni haoni tena ukingo wa barabara. Taa za magari yanayokuja humtawanyikia machoni, na mchana wa jua kali hulazimika kukinga uso kwa mkono ili amtambue mtu aliyesimama langoni. Daktari alishamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake si mkubwa. Baba akajibu kwamba atapasuliwa akishatoka Turkana. Kisha akamkataza Mama kutuambia.

Huenda unajiuliza: si mlisema Chalbi ni tambarare tupu, atagonga nini? Ndivyo anavyosema ndugu yangu. Yeye anapendekeza Baba asiendeshe kwenye lami, ambako magari hukimbia na ngamia huvuka bila kuangalia, ila akifika Chalbi apewe usukani afurahi. Nilikaribia kukubali. Baadaye nikazikumbuka hadithi za Baba mwenyewe. Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale. Juu kuna ganda jeupe la chumvi na udongo uliokauka, na pengine chini yake kuna tope laini ambalo halikaukii kwa miezi. Barabara yenyewe hakuna. Kuna alama za magurudumu zilizotawanyika kila upande, nyingine za jana, nyingine za mwaka jana, nyingine za mtu aliyepotea. Dereva huchagua kwa macho. Penye weusi kidogo pana unyevunyevu, hupapiti. Penye ganda lililopasukapasuka vizuri pamekauka, unaweza kupita. Tena saa za mchana kuna mazigazi, unaona maji na miti mbele yako wala hakuna kitu. Na jua linapopiga ile chumvi nyeupe, mwanga hurudi usoni kutoka chini. Hakuna kinachomuumiza mtu mwenye mtoto wa jicho kama mwanga wa namna hiyo. Kwa hiyo pale ambapo ndugu yangu anaona hapana hatari, mimi naona ndipo penye kuhitaji macho kuliko Isiolo na Marsabit zikijumlishwa.

Baada ya Chalbi kuna mawe. Ukikaribia Loiyangalani ardhi inageuka kuwa mawe meusi ya volkano, yenye ncha, yanayokata tairi ubavuni, na tairi iliyokatwa ubavu haizibiki. Tumepanga spea mbili kwa kila gari, pampu, na maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Mafuta tutajaza Marsabit na kubeba mengine, kwa sababu huko mbele pampu unaweza kuikuta kavu. Hema tumeziacha. Baba alicheka alipozisikia, akasema upepo unaoteremka mlima Kulal usiku utazipeleka ziwani na watoto ndani, kwa hiyo tutalala kwenye mabanda ya wageni ya mjini. Unaona? Mambo kama haya ndiyo yanayonifunga mdomo. Kila nilichokiandika kwenye daftari la safari, nimekipata kwake.

Kuna na sukari. Baba anadunga insulini, nayo haipendi joto. Mama amejitwika hilo: mfuko wa baridi, na mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi iwapo barafu itaisha. Kwa upande huo sina wasiwasi. Mama akisema ataangalia jambo, huliangalia. Lakini sukari ikishuka ghafla mtu akiwa ameshika usukani, hiyo ni habari nyingine, na nimemweleza ndugu yangu hivyo.

Sasa ushauri wa familia. Ndugu yangu anataka tumdanganye. Tumwambie kwamba wenye magari hawaruhusu dereva aliyepita miaka 70, basi, lawama imwendee mtu tusiyemjua. Shangazi, Baba atampigia simu mwenye magari kabla hatujamaliza sentensi. Na hata asipopiga, sitaki kukaa siku zote hizo ndani ya gari moja na uongo.

Dada yangu anataka tukodi dereva Marsabit, mtu anayevuka Chalbi kila wiki. Hili ni la busara na gharama yake tunaimudu. Mke wangu naye anasema tuahirishe safari nzima mpaka macho yatengenezwe. Mimi ningeongeza kwamba bado kuna muda: akipasuliwa jicho moja sasa, anaweza kuwa amepona kabla ya Agosti, kwa kuwa wengi hupona kwa wiki chache mradi wajikinge na vumbi. Lakini macho ni mawili, na vumbi ndilo tunaloliendea. Pia sijui kama nitamwambia lolote la upasuaji bila kufichua kwamba Mama alinipigia.

Nilifikiri nimpe heshima nyingine. Akae mbele, kushoto, awe ndiye kiongozi wa msafara: atuambie wapi tupunguze upepo wa tairi, wapi tusimame, saa ngapi tuanze kuvuka kabla jua halijawa kali. Kwa akili yangu hicho ni cheo kikubwa kuliko kuendesha. Mke wangu alinicheka. Akaniuliza, "Kwenye lori, nani alikuwa akikaa kushoto?" Taniboi, Shangazi. Kijana wa kubeba jeki, wa kuteremka kwenye tope kuweka mawe chini ya gurudumu. Baba alianzia kiti hicho akiwa na miaka 17 na husema aliapa hatarudi humo. Mimi ndiye ninayetaka kumrudisha, mbele ya wajukuu.

Wazo jingine ni la kupitia kwa rafiki yake. Kuna mzee mwenzake waliyeendesha naye barabara ile, ambaye mwaka juzi alipasuliwa macho na sasa anasoma gazeti bila miwani. Wakikutana huwa hawaachani hadi jioni. Nikimweleza yeye, huenda akamwingia Baba kwa njia ambayo mtoto haiwezi. Hofu yangu ni kwamba Baba akigundua kuwa tumemzungumzia nje ya nyumba, atasema tumemvua nguo sokoni, na safari itakufa pamoja na maongezi.

Basi naomba unisaidie kwa mambo haya. Je, nimkabili Baba peke yangu, tukiwa wawili, au niwaite ndugu zangu ili asione kwamba ni mimi tu ninayetaka kiti chake? Je, ni utovu wa adabu kwa mtoto kumwekea mzazi sharti, yaani kumwambia: macho kwanza, ukishapona usukani ni wako, la sivyo anaendesha mtu wa Marsabit? Rafiki yake nimtumie au nimwache? Na Mama nimlinde vipi, maana Baba akiuliza nimejuaje habari za daktari, hakuna mwingine ningeweza kuzipata kwake?

Ndugu yangu anasema nakuza mambo, kwamba tungoje tufike Isiolo tuone. Mimi sikubali. Ukishamwacha mtu aanze safari akiwa dereva, kumwondoa njiani mbele ya watoto ni vibaya zaidi kuliko kumwambia leo sebuleni.

Arubuni ya magari tunailipa mwisho wa mwezi huu, na dereva wa Marsabit tunapaswa kumthibitisha wakati huo huo. Nitashukuru sana ukinijibu kabla ya siku hiyo, na ukiwa na msomaji aliyewahi kumnyang'anya baba yake ufunguo wa gari wakabaki wakisalimiana, naye aniandikie alivyofanya.

Ni mimi,
Kifungua Mimba