Baba na mwana, na flashi ya filamu

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwalimu wa chekechea, na ninaishi Changamwe, Mombasa. Mume wangu ni dereva wa trela. Hupakia bandarini, akavuka Malaba hadi Kampala, na katika kila majuma mawili huwa nyumbani siku mbili au tatu tu. Kila arudipo huja na flashi iliyojaa filamu zilizotafsiriwa na madijei, wale wanaosimulia juu ya picha kwa Kiswahili na mizaha, na usiku wa kwanza yeye na mwana wetu wa miaka 11 hukaa mkekani mbele ya televisheni mpaka saa sita. Filamu zenyewe ni za bunduki, mapanga na watu kukatwa vichwa. Binti yetu wa miaka 6 hujifanya amelala kwenye kochi, lakini mimi humwona akichungulia chini ya leso.

Sisemi kwamba mwanangu atakuwa muuaji. Mume wangu mwenyewe alikulia katika mabanda ya video ya papa hapa Changamwe, na katika miaka 13 ya ndoa yetu hajaniinulia mkono hata siku moja. Nimesoma pia kwamba Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kilipolipitia upya azimio lake kuhusu gemu za mapigano mwaka 2020, kilisema ushahidi unazihusisha kwa kiasi kidogo na ukali kama wa kufoka na kusukumana, lakini hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa kutumia nguvu. Hofu yangu ni nyingine.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyeshukiwa kuiba simu alipigwa na umati karibu na stendi, akapelekwa hospitalini hajitambui. Mwanangu alipita hapo akitoka shuleni. Jioni, tukila, alitusimulia yote kwa sauti ya dijei: nani alitangulia kurusha jiwe, jamaa alivyodondoka kama gunia la viazi, na kila pigo akalitilia mzaha wake. Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa. Nilipomwuliza kama alimwonea huruma yule kijana, alinikodolea macho kana kwamba nimeuliza jambo lisilohusiana na kisa chake. Nikampigia simu baba yake. Naye akacheka, akasema mtoto ana kipaji cha kusimulia. Kipaji anacho, sikatai.

Ndipo nikaanza kufuatilia habari za viwango vya umri. Najua kwamba bodi yetu ya kuainisha filamu, KFCB, hutumia alama za GE kwa watazamaji wote, PG kwa mtoto anayehitaji uelekezi wa mzazi, kisha 16 na 18, na kwamba vituo vya televisheni havitakiwi kuonyesha vipindi vya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Flashi haina saa. Nilikwenda mpaka kwa kijana anayetujazia, nikamwomba awe akitazama alama kabla ya kunakili. Alinijibu kwa adabu kwamba faili humfikia zikiwa na jina la filamu na jina la dijei tu. Alama hubaki kwenye kasha, na kasha haliji. Mume wangu nilipomweleza hayo alisema, "Si wamesema mzazi awepo? Na mimi nipo." Nikamkumbusha kwamba hiyo ni PG, wala si 18, akaniambia nisimletee mambo ya darasani.

Huenda ungeniambia niifiche flashi, na nimewahi kuwaza hivyo. Kinachonizuia ni kwamba mwanangu ni mtoto wa maneno machache, na usiku huo wa filamu ndio pekee anapofunguka. Nikiwa jikoni humsikia akimweleza baba yake habari za mwalimu wa hesabu, za rafiki aliyemtenga, na hata za hofu yake ya mtihani. Yale ambayo mimi siyapati kwa majuma mawili, baba yake huyapata kati ya risasi moja na nyingine. Siku niliyojaribu kuketi nao, mtoto alinyamaza kimya, mume wangu akaanza kuzirusha mbele sehemu za damu kwa haya, na baada ya nusu saa wote wawili wakadai wana usingizi. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, ameniambia niwaache baba na mwanawe.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba ushauri wako kuhusu mambo mawili. Nitamwambiaje mume wangu kwamba filamu hizi hazimfai mtoto wa miaka 11, asione kwamba ninamnyang'anya zile siku mbili alizo nazo na mwanawe? Na je, ni haki kuanza na binti pekee, nikamhamishia chumbani kwa bibi yake, ilhali kaka yake akija kumsimulia kesho yake atayasikia yote, tena kwa mzaha? Mume wangu anatarajiwa kufika Alhamisi usiku, nami ningependa niwe nimejua la kusema kabla hajaichomeka hiyo flashi.

Wako,
Mama wa wawili,
Changamwe, Mombasa